Kabla ya Kununua Saa Yenye Springi ya Silikoni

Wateja wanaoniletea saa zao hapa Kisumu wameanza kuniuliza swali ambalo zamani halikuwapo: je, saa ya mashine, yaani isiyotumia betri, yenye vipuri vya silikoni (ile ngumu ya vipuri vya kompyuta, si ile laini kama mpira) inamfaa mtu anayeishi mbali na viwanda vya Uswisi? Jibu langu ni kwamba inamfaa, mradi ajue mapema ni nani atakayembadilishia kipuri hicho kikivunjika.

Ndani ya saa ya mashine mna gurudumu la mizani linalozunguka huku na huku bila kukoma, na springi nyembamba iliyojiviringa ndiyo inayolirudisha kila mara. Katika saa nyingi za siku hizi mapigo hayo hufika 28,800 kwa saa moja. Springi ya madini ya kawaida hushikwa na sumaku, mizunguko yake ikaanza kunatana, na saa ikakimbia hata dakika kadhaa kwa siku. Hitilafu hii naiona mara kwa mara, kwa sababu watu huziweka saa zao usiku juu ya spika ya redio au karibu na kava ya simu inayofungwa kwa sumaku. Springi ya silikoni haina tatizo hilo. Aidha, silikoni ni nyepesi, kwani uzito wake haufiki theluthi moja ya ule wa chuma cha ujazo uleule.

Kuna suala la joto pia, ambalo sisi wa kando ya ziwa hatuwezi kulipuuza. Silikoni tupu hulegea kidogo inapopata joto, na springi iliyolegea huichelewesha saa. Kwa hiyo watengenezaji huifunika kwa tabaka la oksidi yake yenyewe, ambalo tabia yake ni kinyume, yaani hukakamaa joto linapopanda, na hivyo kasoro moja huifuta nyingine. Kwangu mimi huu ndio ufundi unaostahili heshima kuliko wote katika habari hii.

Kampuni ya Ulysse Nardin ndiyo iliyotangulia kutia silikoni katika saa yake iitwayo Freak, mwaka 2001, kwenye magurudumu yanayoachia nguvu ya saa kidogo kidogo. Patek Philippe ikafuata kwa gurudumu la namna hiyo mwaka 2005 na kwa springi mwaka 2006. Leo springi ya silikoni imo hata katika saa za Tissot, ambazo mfanyakazi mwenye kudunduliza anaweza kuzifikia.

Almasi ni habari nyingine. Ulysse Nardin ilijaribu kutumia almasi iliyokuzwa maabarani kutoka kwa gesi, kisha mwaka 2007 ikaonyesha vipuri vya silikoni vilivyopakwa tabaka jembamba la almasi hiyo, ili ugumu wa almasi uukinge uso wa silikoni usilike na msuguano upungue. Ni kazi nzuri na ya gharama kubwa. Sioni sababu ya mnunuzi wa kawaida kuitafuta.

Yapo mambo mawili ambayo wauzaji huyaeleza nusunusu. La kwanza ni mafuta. Ni kweli kwamba gurudumu la silikoni linaloachia nguvu kidogo kidogo laweza kufanya kazi likiwa kavu, lakini magurudumu mengine yote bado yana ekseli za chuma zinazozunguka ndani ya vito, yaani vijiwe vigumu vinavyoshika ncha zake, na mafuta yake hukauka kama katika saa yoyote. Kwa hiyo huduma ya kila baada ya miaka kadhaa haiondoki. La pili ni sumaku: springi ya silikoni peke yake haiilindi saa nzima, maana vipuri vingine vya chuma bado vinaweza kushikwa. Saa za Omega zinazopimwa kwa sumaku ya gausi 15,000 (gausi ni kipimo cha nguvu ya sumaku) hustahimili kipimo hicho kwa sababu vipuri vingine navyo vilibadilishwa.

Udhaifu wa silikoni ni kwamba haipindi ikabaki imepinda; ikizidiwa huvunjika. Springi ya madini iliyopotoka naweza kuinyoosha kwa kibano na lenzi, kwa subira, mchana mmoja. Ya silikoni ikivunjika hakuna fundi duniani atakayeiunga, na kampuni nyingi hazimuuzii fundi wa mtaani kipuri cha namna hiyo. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuandikie ni kituo gani kinachoshughulikia mashine hiyo, kama kiko Nairobi au ni lazima saa isafirishwe nje, na nani atakayegharamia usafiri huo wakati wa dhamana. Asipoweza kukujibu, chukua Seiko au Orient yenye springi ya kawaida, ambayo fundi yeyote makini wa Kisumu au Nakuru ataweza kuifungua. Na ukishanunua ya silikoni, usikubali ifunguliwe na mtu ambaye hajakuuliza kwanza ni mashine gani iliyomo.