Kulala nyumba ya wageni ya shambani Uingereza

Dada, kwa siku mbili za kupumzika na shemeji nje ya London bila gari, mimi ningekwenda Cotswolds, eneo la vilima na vijiji. Pandeni treni Paddington, mshuke Moreton-in-Marsh, mwendo wa saa moja na nusu hivi. Stow-on-the-Wold iko karibu na hapo, na kuna Porch House, nyumba ya wageni inayojinadi kuwa ndiyo kongwe kuliko zote Uingereza, eti tangu mwaka 947.

Nyumba hizi ni baa chini, vyumba juu. Lifti usiitegemee, ngazi zinalia, na dari nyingine ni fupi, kwa hiyo shemeji ainame! Usikae mezani ukingoja mhudumu. Mara nyingi unaagiza kaunta. Na msichelewe kula, maana ikifika saa tatu usiku jiko huenda limeshafungwa.

Raha yenyewe ni mlo wa Jumapili mchana: nyama ya ng'ombe ya kuoka, viazi, rojo, na kile kiandazi chao cha Yorkshire kisicho na sukari. Wekeni nafasi mapema. Mbwa akilala miguuni pako karibu na moto, usishtuke, naye ni mteja. Bebeni viatu vya matope.