Mbona kaka yangu hachoki?

*Shangazi, mama yetu ana dimensia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Naishi naye mimi. Usiku halali, huniuliza swali lile lile mpaka kunapambazuka, na siku nyingine huniita mwizi. Kaka yangu hulipia dawa, huja Jumapili, wakacheka kwa muda wa saa mbili, akaondoka. Nikilalamika husema, "Mbona mimi sichoki? Unajipa presha tu." Je, sisi wanawake ni dhaifu, au ni mimi nisiye na subira?*

Mwanangu, kaka yako hachoki kwa sababu hafanyi kazi unayoifanya. Humkuta mama ameshaoga, ameshakula, ametulia. Aliyemtuliza ni nani?

Ni kweli tafiti zimeonyesha kwamba wanawake wanaouguza hulemewa na kusononeka kuliko wanaume. Ila tofauti yenyewe si kubwa kama watu wanavyodhani, na huzidi kupungua ukiangalia nani anauguza saa ngapi, na kazi gani. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake ndio wanaotoa asilimia 70 ya saa za kuwahudumia wenye dimensia. Tena kazi hazilingani. Dawa ikinunuliwa leo au kesho ni sawa, lakini mama akijichafua saa tisa usiku hakuna kesho. Wanaume wengi hubaki na zile zinazongoja.

Hilo la mwizi ni ugonjwa unaosema. Kitu kikimpotea, hushukiwa aliye karibu, na aliye karibu ni wewe. Usibishane naye, kitafuteni pamoja.

Kaka yako simtetei, ila sina hakika kama hana mzigo. Wanaume wengi wakiulizwa kuhusu uchovu hujibu "niko sawa" hata wakiwa hoi. Huenda hizo saa mbili za Jumapili ndizo anazoziweza kumtazama mama akipotea.

Hata hivyo usimwombe msaada. Ukiomba msaada, kazi inabaki yako, yeye anakupunguzia tu. Mkabidhi usiku mmoja mzima kila wiki, tuseme Ijumaa, nawe ukalale kwingine. Kama kumwogesha mama kunamtia haya, atafute mwanamke wa kumwogesha na amlipe yeye. Usiku unabaki wake. Atamvisha gauni kinyume. Mwache. Dada wengi hapo ndipo wanapoharibu: wanakabidhi, kisha wanapiga simu kila nusu saa.

Kuhusu kutolala, mwambie daktari wake. Wakati mwingine ni maumivu au maambukizi ya mkojo ambayo mama hawezi kuyaeleza, na hayo yanatibika. Na wewe pia, ikiwa wiki mbili sasa huna hamu ya kitu na unalia ovyo, nenda ukaonwe. Ukihisi mkono unataka kumpiga mama, hakikisha amekaa salama, toka chumbani, mpigie simu kaka yako hata kama ni usiku wa manane.

Jumamosi asubuhi akikuambia amechoka, usimcheke. Muulize tu kama Ijumaa ijayo atakuja mapema zaidi.

Shangazi