Karatasi ya mahudhurio

SWALI: Mwenyekiti wa kijiji chetu hajaitisha mkutano mkuu tangu msimu wa korosho uliopita. Sasa tunapitishiwa karatasi majumbani tusaini mahudhurio. Tufanyeje? (Msomaji, Newala, Mtwara)

JIBU: Usisaini, ndugu yetu. Karatasi isiyo na tarehe wala ajenda huweza kuambatanishwa na muhtasari wowote, hata wa kugawa ardhi, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila mkutano mkuu kuridhia. Hapo ndipo saini zenu zina thamani.

Mkutano huo ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, kila miezi 3. Mwandikieni mtendaji wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata na mkurugenzi wa wilaya. Ombeni tarehe na taarifa ya mapato na matumizi. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, la sivyo mtaambiwa barua haikufika.

Mkikutana, muhtasari uliopita usomwe kwanza, kwa sauti. Uongo mwingi hukamatwa hapo. Chini ya jina la mwisho la mahudhurio pigeni mstari, mwandike jumla. Jina likichomekwa baadaye, litaonekana.