Muulize Fundi: Nani atoe mbuzi, mwenye simu au mwenye spidomita?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi na shemeji yangu tulipanda baiskeli kutoka Mombo mpaka Lushoto. Simu yangu, iliyokuwa mfukoni, ilihesabu kilomita 32.1. Yeye ana spidomita ya gurudumu, ile yenye sumaku kwenye spoku, aliyoihamisha kutoka baiskeli yake ya zamani. Yake ikasema 33.4. Tumewekeana dau la mbuzi. Anadai GPS (ule mfumo wa satelaiti unaoijulisha simu ilipo) iko angani, inaiona barabara kama imelala, kwa hiyo mlima hauhesabiwi. Tena wakati wa kushuka simu iliniandikia kasi ya kilomita 97 kwa saa, na mimi nilikuwa nimebana breki muda wote! Mkweli ni nani? (Msomaji, Korogwe)

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na huo mlima, maana hapo shemeji amejiamini kupita kiasi. Ni kweli programu nyingi za simu hupima umbali kana kwamba ardhi ni bapa. Lakini piga hesabu. Toka Mombo hadi Lushoto mnapanda kama mita 1,000. Ukiweka kimo hicho juu ya kilomita 33, mwinuko wote unakuongezea mita 15 tu. Urefu wa basi moja la abiria na kipande! Ninyi mnagombania mita 1,300.

Mwizi wa mita zako yuko kwenye kona. Simu haichori njia yako, inadondosha nukta, kisha inaziunga kwa mistari iliyonyooka. Ikiwa imewekwa kubana chaji, inaweza kudondosha nukta kila baada ya sekunde 10. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, hapo umeshatembea mita 42. Zile kona za Soni, hapo njiani mwenu, zinazojikunja kama nyoka, mita 42 zinatosha kukuingiza na kukutoa, na simu ikapita katikati kama mbuzi anayekata njia kwenye shamba la watu. Wakati wa kushuka ndiyo inakata zaidi.

Kuna wizi wa upande wa pili pia, ambao watu huusahau: simu huongeza. Hata pasipo mti wala jengo, nukta inaweza kukosea mita kama tano. Siku moja niliiacha simu yangu ikirekodi juu ya meza ya karakana, chini ya bati, nikiwa nanyoosha rimu. Baada ya saa moja ilidai nimeendesha mita mia nne na ushee. Kama mlikunywa chai Soni na hukuisimamisha, chai hiyo imo kwenye hesabu yako.

Sasa hiyo 97, usiwasimulie vijana. Mawimbi ya satelaiti yanagonga ukuta wa mwamba kabla ya kukufikia, simu inadhani uko mahali pengine. Tuseme ulikuwa unashuka mita 12 kwa sekunde, yaani kilomita 43 kwa saa. Nukta moja ikirushwa mbele mita 15 ndani ya sekunde hiyo hiyo, simu inasoma mita 27. Zidisha kwa 3.6 upate 97. Chipu ya GPS yenyewe inaweza kupima kasi kwa mabadiliko ya mawimbi, na hiyo ni sahihi zaidi, ila programu nyingine hugawa tu umbali wa nukta kwa muda. Kasi ya juu kabisa ndiyo namba ya mwisho kuiamini.

Shemeji asianze kushangilia. Spidomita haijui umbali, inajua mizunguko tu. Urefu wa mzunguko huwekwa na mwenye baiskeli. Tairi ya 700x28 (namba ya ubavuni, ya mwisho ni upana kwa milimita) huzunguka milimita 2,136 hivi, ya 700x23 ni 2,096. Kama ya zamani ilikuwa 28 na ya sasa ni 23, na hakubadilisha namba, basi ile 33.4 yake ni 32.8 kasoro kidogo. Mita 600 za bure.

Achukue chaki, aweke alama kwenye tairi pale kwenye valvu, na nyingine sakafuni. Ajaze upepo kama anavyojaza siku zote, akae juu ya baiskeli (tairi hubonyea kwa uzito, na shemeji zangu mimi nawajua), asukumwe mizunguko mitano kwa mstari mmoja. Apime kwa futi (ile tepu ya fundi), agawe kwa tano, aingize kwa milimita. Ikishapimwa hivyo, gurudumu linaishinda simu kwenye barabara ya kona. Hata njia rasmi za marathoni, zile kilomita 42.195, hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio kwenye gurudumu, si kwa GPS. Wapimaji hao hulijaribu gurudumu kwenye kipande kilichopimwa kwa futi ya chuma kabla na baada ya kazi, kwa sababu jua likiwaka upepo hutanuka na tairi hukua.

Wewe weka simu kwenye usukani badala ya mfukoni, nukta kila sekunde, na uzime kubana chaji. Rudini Mombo mpande tena. Mbuzi asichinjwe mpaka nione namba ya ile chaki.