Maswali na Majibu: Tuanzie mikononi kabla ya usoni

Maswali tuliyoyapokea safari hii yanahusu namna ya kuwatambua watakatifu katika picha na sanamu, na karibu waulizaji wote wamejaribu kwanza kuusoma uso. Hakuna picha ya mitume iliyochorwa wakiwa hai, na ndiyo maana wachoraji wa kale waliwatofautisha kwa vitu walivyoshika, mavazi yao na namna walivyokufa.

*Katika kigango chetu kuna sanamu ya mwanamume aliyembeba Mtoto Yesu na kushika ua la yungiyungi. Katekista anasema ni Yosefu, mama yangu anasema ni Antoni wa Padua. Nani yuko sahihi?*

Mtoto na yungiyungi haviwezi kuamua ugomvi huu, kwa sababu wote wawili huchongwa navyo. Yungiyungi ni alama ya usafi wa moyo na mwili. Kwa Yosefu linatokana pia na masimulizi ya zamani, yaliyo nje ya Injili, kwamba fimbo yake ilichanua alipoteuliwa kuwa mchumba wa Maria. Kwa upande wa Antoni, Mtoto anatokana na simulizi kwamba mwenyeji wake mmoja alichungulia chumbani usiku akamwona mtawa huyo amempakata Mtoto Yesu.

Kinachoamua ni vazi. Antoni alikuwa Mfransisko, kwa hiyo huvaa kanzu ya kitawa ya kahawia au ya kijivu, iliyofungwa kiunoni kwa kamba yenye mafundo matatu. Ni kijana asiye na ndevu, amenyolewa utosini nywele zikabaki kama taji, na mara nyingi Mtoto ameketishwa juu ya kitabu. Yosefu ana ndevu, amejitanda joho juu ya kanzu, na wakati mwingine ana msumeno au kifaa kingine cha seremala. Tahadhari moja: msiiamini rangi peke yake. Katika parokia moja niliyowahi kuitembelea, fundi aliyeletwa kuipaka rangi upya sanamu ya Antoni aliipaka kijani kuanzia shingoni hadi miguuni, kamba ikapotea chini ya rangi, na nilipofika nilikuta waumini wakiiwekea maua mwezi wa Machi, ambao ni mwezi wa Yosefu. Kwa hiyo pitisheni kidole kiunoni mwa sanamu yenu mkitafuta mafundo, kabla hamjamhukumu katekista.

*Kwa nini Mtume Paulo hushika upanga ilhali hakuwa askari?*

Upanga huo si silaha yake, bali ndio uliomuua. Mapokeo yanasema alikatwa kichwa mjini Roma wakati wa Kaisari Nero, kwa kuwa raia wa Roma hakusulubiwa. Kanuni ni hiyo hiyo kwa mashahidi wengi, yaani waliouawa kwa ajili ya imani: Laurenti hushika chanja ya chuma aliyochomewa juu yake, Bartolomayo kisu alichochuniwa ngozi, na Katarina wa Aleksandria gurudumu lenye miiba ya chuma, ijapokuwa simulizi lake linasema gurudumu lilivunjika na mwishowe akakatwa kichwa. Ukiona upanga mkononi mwa mwenye mabawa, hapo mambo ni tofauti. Huyo ni Malaika Mkuu Mikaeli, na upanga wake ni wa vita.

Paulo, hata hivyo, ananilazimisha kulegeza nilichosema mwanzoni, maana yeye na Petro ni miongoni mwa wachache wanaotambulika hata kwa sura. Paulo ana upara wa mbele na ndevu ndefu zilizochongoka, Petro ana nywele fupi zilizojisokota na ndevu za mviringo. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba katika katakombe (makaburi ya chini ya ardhi) ya Mtakatifu Tekla, Roma, kumegunduliwa mchoro wa Paulo wa mwishoni mwa karne ya 4, nao una upara na ndevu zile zile. Lakini huo ulichorwa takriban miaka 300 baada ya kifo chake, kwa hiyo ni desturi ya wachoraji, si picha yake halisi.

*Katika picha ya Mama wa Msaada wa Daima, herufi zile ni za lugha gani, na kwa nini kiatu cha Mtoto kinaning'inia?*

Ni Kigiriki, maana picha hii ni ikoni, yaani picha takatifu ya mapokeo ya Wakristo wa Mashariki, ijapokuwa imetunzwa Roma, katika kanisa la Mtakatifu Alfonso, tangu Papa Pius IX alipowakabidhi watawa wa shirika la Waredemtoristi mwaka 1866. Herufi zilizo juu, pande mbili za kichwa cha Maria, ni kifupi cha maneno "Mama wa Mungu". Zilizo karibu na Mtoto ni kifupi cha "Yesu Kristo". Katika ikoni, jina huandikwa kwa makusudi, na ikoni isiyo na jina huhesabiwa kuwa haijakamilika.

Malaika wawili wa juu nao wameandikwa majina. Aliye kushoto kwako unapoitazama picha ni Mikaeli, ameshika mkuki na mwanzi wenye sifongo ya siki; wa kulia ni Gabrieli, ameshika msalaba na misumari. Ukifahamu hayo, kiatu kinaeleweka: Mtoto ameviona vyombo vya mateso yake, amegeuza shingo kuvitazama, ameushika mkono wa mama yake kwa mikono yote miwili, na katika kushtuka huko ndara yake imefunguka ikabaki kwenye ukanda mmoja. Maria hamtazami Mtoto, anatutazama sisi. Kwangu mimi hii ndiyo picha iliyojaa maana kuliko zote zinazotundikwa sebuleni mwetu, na inasikitisha kwamba nakala nyingi huchapishwa ndogo mno kiasi kwamba ule mkuki hauonekani.

*Ni nani yule mwanamke aliyebeba macho mawili kwenye sahani?*

Ni Lusia wa Sirakusa, shahidi wa mwanzoni mwa karne ya 4. Jina lake linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya nuru, na simulizi la macho kung'olewa lilikuja baadaye sana.

*Je, ni kweli kwamba kuna sanamu ya Musa yenye pembe?*

Ni kweli, na iliyo mashuhuri zaidi ni ile aliyoichonga Michelangelo kwa ajili ya kaburi la Papa Julius II, iliyoko katika kanisa la Mtakatifu Petro wa Minyororo, Roma. Kitenzi cha Kiebrania katika Kutoka 34:29, kinachoeleza kung'aa kwa uso wa Musa aliposhuka mlimani, kina mzizi mmoja na neno "pembe", na Yeronimo katika tafsiri yake ya Kilatini aliandika neno la pembe. Wengi huliita kosa. Mimi nasita, kwa kuwa katika Zaburi pembe ni alama ya nguvu na heshima.

*Katika picha ya Mashahidi wa Uganda nitamtambuaje kila mmoja?*

Wote 22 huwezi, labda mchoraji awe ameandika majina. Aliye mdogo kuliko wote, kijana wa takriban miaka 14, ni Kizito. Anayewekwa katikati au mbele, kwa kawaida, ni Karoli Lwanga, kiongozi wao, aliyechomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Ila mchoraji anayewaweka wote ndani ya moto mmoja amerahisisha mno. Matia Mulumba alikatwa viungo akaachwa afe polepole. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikatwa kichwa Novemba 1885, miezi kadhaa kabla ya Namugongo, na Andrea Kaggwa vilevile mwaka uliofuata. Hao wawili wangestahili kuchorwa na upanga mkononi, kama Paulo.