Kufunga mwamba wa pweza: muanze na nani

Ndugu yangu, umeuliza muanzie wapi ili mpango wa kufunga mwamba wa pweza, yaani kuuacha bila kuvuliwa kwa muda ili pweza wakue, usije ukawa wa wageni. Anzeni na kina mama wanaoshuka pwani kwa miguu wakati wa bamvua, maji yanapotoka sana, mchokoo (kijiti cha kuchokolea pweza) mkononi. Mwamba ukifungwa, mwenye ngalawa atakwenda mbali. Kina mama hawana pengine. Basi wao wawe na kauli ufungwe upi na ubaki upi, na kikao kiitwe maji yakiwa yamejaa, si wakati wako chini pwani. Hapo wengi hukosea!

Hesabu za siku ya kufungua mwamba zisomwe hadharani, mbele ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Kwa mgao wa mapato, kawaulizeni watu wa Pete, kijiji jirani na msitu wa Jozani, Unguja: Jozani imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2004, na vijiji jirani hupata fungu la viingilio vya watalii.