Mtoto Akija Kabla ya Gari

SWALI: Nina mimba ya tatu, wiki ya 35. Mtoto wa kwanza nilikaa na uchungu saa 11. Wa pili alitoka baada ya saa 1 na dakika 40, bajaji ikiwa ndiyo kwanza imesimama mlangoni mwa hospitali. Mume wangu ni mlinzi wa usiku, kwa hiyo nabaki na wanangu wa miaka 5 na 2. Mama mkwe anasema niweke wembe mpya tayari wa kukatia kitovu. Nijiandaeje?
*Mama wa wawili, Morogoro*

JIBU: Uchungu usiofika saa 3 tangu kuanza hadi mtoto kutoka ndio uchungu wa haraka, na aliyewahi kuupata huenda akaupata tena. Ile hesabu ya kusubiri uchungu uje kila baada ya dakika 5 haikufai. Wewe ondoka mara tu maumivu yanapoanza kurudi kwa mpangilio, au chupa ikipasuka hata kama hakuna maumivu. Mweleze mkunga kliniki muda wa uzao wako wa pili, auandike kwenye kadi. Kama hospitali iko mbali, uliza kuhusu nyumba ya kusubiria kujifungua kuanzia wiki ya 38. Kwa Tanzania, namba 115 ni ya bure kuita usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga. Iandike ukutani kwa tarakimu kubwa.

Ukihisi haja kubwa ghafla, au mwili unasukuma wenyewe, usipande bodaboda. Bora kuzalia sakafuni kwako kuliko barabarani. Kabla ya kulala chini, fungua komeo la mlango na geti. Hili husahaulika sana, jirani akaishia kugonga nje. Piga simu, weka sauti ya juu, simu ikae karibu na kichwa chako. Funga madirisha na zima feni.

Lala kwa ubavu au piga magoti na mikono chini, mtoto asije akaanguka. Kichwa kikianza kuonekana, acha kusukuma na uheme kama mtu aliyetoka kukimbia, kwa sababu kichwa kikichomoka kwa nguvu ndipo msamba unapochanika. Anayekusaidia akishike kichwa, asikivute. Kitovu kikiwa kimezunguka shingo, akipitishe taratibu juu ya kichwa kama mkufu.

Mtoto akitoka, mkaushe mara moja kwa khanga, kichwa na mgongo, kwa kusugua. Kusugua huko ndiko kunakomwamsha apumue. Tupa khanga iliyolowa, mlaze kifuani pako ngozi kwa ngozi, mfunike kwa kavu pamoja na kichwa, umpe ziwa. Asipolia wala kupumua baada ya kusuguliwa, alazwe chali, kichwa kisiiname wala kisirudishwe nyuma. Msaidizi afunike mdomo na pua yake kwa mdomo wake na kupuliza pumzi ndogo za mashavuni, mara 5, akiangalia kama kifua kinainuka.

Kuhusu wembe, mama mkwe hajakosea kabisa: wembe mpya ni afadhali kuliko kisu cha jikoni. Lakini kama msaada uko njiani hakuna haraka ya kukata. Kitovu kisichofungwa vizuri humwaga damu ya mtoto, na kifaa kichafu huleta pepopunda. Kiache kama kilivyo. Kondo la nyuma kwa kawaida hutoka lenyewe ndani ya dakika 30. Usivute kitovu, kinaweza kukatika au kuugeuza mfuko wa uzazi. Likitoka, litie kwenye mfuko wa plastiki liende pamoja na mtoto.

Hatari kubwa inayobaki ni damu. Kojoa, maana kibofu kilichojaa huzuia mfuko wa uzazi kujikaza. Kondo likishatoka, sugua tumbo chini ya kitovu chako hadi uhisi kitu kigumu cha ukubwa wa balungi. Pedi au kitambaa kikilowa chote kwa chini ya dakika 5, au kondo lisipotoka, hiyo ni dharura. Hata mambo yakienda salama, nendeni hospitali siku hiyohiyo.

Wa miaka 5 anaweza kumwita jirani, ila mfanyishe mazoezi mchana: mlango upi, aseme nini. Wa miaka 2 atamhitaji jirani huyo amchukue kwake.

SWALI: Tangu mdogo wake azaliwe, mwanangu wa miaka 2 na nusu amerudia kujikojolea na anataka kunyonya. Nimchape?
*Baba wa wawili, Dodoma*

JIBU: Hapana. Mtoto aliyeona mkojo na ziwa vinamletea mdogo wake mikono ya mama hujaribu njia hiyohiyo, na fimbo itamthibitishia tu kwamba amepoteza nafasi. Mrudishie nepi za usiku bila kejeli. Akitaka ziwa, mama akiridhia amwonjeshe. Wengi huonja na kuondoka. Vurugu nyingi hutokea mama akinyonyesha, kwa hiyo weka kikapu cha vitu vya kuchezea ambacho hutolewa wakati huo tu. Wewe baba chukua dakika 15 kila siku za yeye peke yake, simu ikiwa mbali. Na usimwache na mtoto mchanga bila mtu mzima, hata kwa muda wa kuanua nguo.